Waraka Usiojibiwa: Neptuni na Uzembe wa Uhakiki

Kuna mazoea yaliyoota mizizi katika idara za fasihi, nayo ni kuusoma waraka kwa mizani mbili. Waraka wa mshairi huhakikiwa: hutafutwa ndani yake kejeli, nafsineni na hadhira iliyokusudiwa. Waraka wa mwanasayansi hutupiwa wanahistoria wachume tarehe na tarakimu, basi. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuutafiti huelekezwa idara nyingine. Sababu itolewayo ni kwamba lugha ya sayansi ni chombo tu, mithili ya gunia la nafaka, na hapana ahakikiye gunia. Hoja hiyo haistahimili hata kisa kimoja cha barua walizoandikiana wanafalaki wa Ulaya mwaka 1845 na 1846.

Sayari ya Uranusi ilikuwa ikienda kombo na njia iliyokadiriwa. John Couch Adams wa Cambridge na Urbain Le Verrier wa Paris, kila mmoja peke yake, walipiga hesabu wakaona kwamba yapo mavutano ya sayari nyingine isiyojulikana. Oktoba 1845 Adams aliacha karatasi fupi ya matokeo yake nyumbani kwa George Airy, mwanafalaki mkuu wa dola ya Uingereza, huko Greenwich. Tarehe 5 Novemba Airy alimwandikia akimuuliza iwapo nadharia yake inaeleza pia makosa katika umbali wa Uranusi kutoka kwenye jua. Adams hakujibu. Tarehe 26 Juni 1846 Airy alimuuliza Le Verrier swali lilo hilo; Le Verrier alijibu baada ya siku mbili. Kisha, tarehe 18 Septemba, Le Verrier alimwandikia Johann Galle wa Berlin. Barua ilifika tarehe 23, na usiku huo huo Galle na mwenzake Heinrich d'Arrest wakaiona sayari mahali palipopungua digrii moja kutoka pale palipotajwa.

Wanaodai kwamba fani haina uzito hapa na waeleze. Ni kweli kwamba Le Verrier alikuwa amekwisha kuchapisha makala na Adams hajachapisha kitu. Lakini makala hayo hayakumfanya yeyote mjini Paris aione sayari hiyo. Barua ndiyo iliyofanya kazi. Na barua yenyewe haianzi na sayari. Inaanza na shukrani kwa tasnifu ambayo Galle alikuwa amempelekea Le Verrier muda mrefu nyuma, naye akanyamaza. Mwandishi analipa deni la adabu, anaisifu kazi ya mwenzake, ndipo anapotoa haja yake. Kijana wa cheo cha chini katika kituo cha falaki, ambaye hana budi kumwomba mkurugenzi wake ruhusa ya kutumia darubini, anaandikiwa kama mtu wa kutegemewa. Huo ni ufundi wa balagha, hata kama aliyeutumia alikuwa mtu wa hesabu.

Kimya nacho ni sehemu ya matini. Barua ya Airy ya Juni haimtaji Adams hata kidogo, ingawa karatasi ya Adams ilikuwa mikononi mwake tangu vuli iliyotangulia. Le Verrier alijibu bila kujua kwamba anashindanishwa. Hakuna mhakiki wa Kiswahili ambaye angesoma beti za Muyaka bin Haji zilizoelekezwa Lamu asitafute Zahidi Mngumi alijibu nini. Kwa nini basi msomaji huyo huyo, akifika Greenwich, aridhike na upande mmoja?

Madhara ya uzembe huu si ya kinadharia tu. Tarehe 13 Novemba 1846 Airy alisoma mbele ya Chama cha Kifalme cha Falaki simulizi aliyoijenga kwa barua hizo. Yeye ndiye mhusika, yeye ndiye msimulizi, yeye ndiye mhariri aliyechagua kipi kiingie. Aliyewahi kufundisha riwaya ya barua angeshtuka mara moja. Wengi waliofuata hawakushtuka, wakaichukua simulizi hiyo kama kumbukumbu kamili. (Airy alihifadhi kila karatasi, na sehemu kubwa ya hazina yake ingemlaza usingizi hata msomaji mwenye subira, hakuna anayedai kwamba yote ni fasihi.) Jalada la Neptuni lenyewe lilitoweka katika miaka ya 1960, likapatikana mwaka 1998 nchini Chile, miongoni mwa vitu vya mwanafalaki Olin Eggen aliyefariki mwaka huo.

Mnamo 2004 ilionekana, katika nyaraka za jamaa ya Adams, rasimu ya jibu alilokuwa ameanza kumwandikia Airy Novemba 1845. Wanahistoria wameijadili kwa swali la nani alistahili sifa. Swali la pili halijapata mwenyewe: kwa nini mtu aliyeulizwa jambo moja la umbali anaanza kueleza mbinu yake na chanzo chake, kisha kalamu inakatika kabla barua haijafika mwisho? Hilo ni swali la muundo, la hadhira na la hofu ya kijana mbele ya mkubwa wake. Mwanahesabu hatalijibu, na mhakiki amesema si kazi yake.