Unga kuisha si chakula kuisha

Kama umekulia Kachibora, unaujua mwezi wa Juni. Mahindi yamejaa shambani, ya kijani, yamekupita urefu, lakini ghalani hamna kitu. Magunia ya mwisho yaliuzwa Januari kulipia karo. Wewe, mtoto wa eneo ambalo kila mwanasiasa huliita kapu la chakula la nchi, unatumwa dukani na noti mkononi kuleta unga wa pakiti.

Jioni moja ya Juni kama hiyo, nikiwa bado shule ya msingi, mama alisimama mlangoni pa jikoni akamwambia shangazi, “Wifi, leo sina cha kuwapa watoto. Unga umeisha.”

Shangazi alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kitale, alikokuwa akifanya kazi ya jikoni katika nyumba ya familia moja ya Wahindi. Aliinama akachungulia chini ya meza. Kulikuwa na sufuria ya maharagwe yaliyochemshwa asubuhi, viazi vichache kutoka huko juu milimani Cherang’ani, vitunguu na nyanya mbili. Akacheka. “Wifi, unga umeisha, lakini chakula hakijaisha.”

Alitoa mkobani vikaratasi viwili vilivyofungwa: kimoja cha bizari ya manjano, kingine cha jira, ile bizari nyembamba. Akapasha mafuta kijiko kimoja, akatupa jira ikaanza kulia kwenye sufuria, kisha kitunguu, saumu, tangawizi na nyanya. Maharagwe yakaingia mwisho, akayaponda kidogo kwa mwiko mpaka mchuzi ukawa mzito. Viazi akavikaanga kando na bizari na dhania. Tulikula tukalamba sahani.

Kesho yake rafiki yangu shuleni aliniuliza kama jana tulikula. Unajua nilimjibu nini? “Hatukula. Tulikuwa na maharagwe tu.”

Jibu hilo limenisumbua miaka mingi, na ndilo linalonifanya niandike leo. Huku kwetu, iwe unauita ugali, busuma au kimnyet, usipokuwa mezani watu huhesabu kwamba wamelala njaa. Tumeifunga shibe yetu kwa mmea mmoja. Mmea huo ukikosa mvua, ukivamiwa na viwavijeshi kama ilivyokuwa 2017, au bei ya unga ikipanda, nyumba nzima inaingiwa na hofu hata kama kuna chakula kingine chini ya meza. Tunakumbuka 2022, pakiti ya kilo mbili ilipopita Sh200 na serikali ikalazimika mwezi Julai kutangaza ruzuku ya kuishusha hadi Sh100, wiki chache kabla ya uchaguzi.

Mimi naamini sehemu ya dawa tunayo tayari, na tumekaa nayo kwa zaidi ya karne moja. Ni upishi wa kila siku wa Waasia, ule wa nyumbani kwao. Ule wa hotelini tuuweke kando kwanza.

Kabla hujaniambia nakuletea mambo ya kigeni, angalia sahani yako. Mahindi yenyewe asili yake ni bara la Amerika. Chapati, sambusa, bajia, achari, biriani, kachumbari, hata chai ya maziwa yenye tangawizi tunayokunywa saa nne, yote hayo yana nasaba ya Asia. Kazi ya reli kutoka Mombasa ilianza 1896 na kufika Kisumu 1901, ikifanywa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Wengi walirudi kwao, lakini maelfu kadhaa walibaki. Wafanyabiashara wakafuata na kufungua maduka hadi miji midogo ya bara, Kitale na Bungoma zikiwemo. Mnamo Julai 2017 serikali iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Kwa hivyo chakula chao ni chakula cha majirani.

Tatizo ni namna tulivyokiazima. Kwa Mhindi wa kawaida, chapati ni kama ugali wetu: ya kila siku, nyembamba, mara nyingi haina mafuta mengi, na ipo ili kuchotea mboga na maharagwe. Sisi tukaifanya ya Krismasi. Tukaijaza mafuta, tukaisubiri mwaka mzima, tukaipigania na binamu zetu. Pilau tukaipeleka kwenye harusi na matanga. Tulichukua vyakula vya sherehe, lakini ile akili ya kupika kitu kitamu kutokana na vitu vinne vilivyobaki jikoni tukaiacha kwa wenyewe.

Na kizazi chetu kinarudia kosa lile lile, safari hii kupitia simu. Nakumbuka nilipopanga chumba Bungoma nikiwa chuoni. Nilikuwa nimetazama video za kupika biriani mpaka nikajiona shefu. Siku moja nikaalika marafiki wawili. Nikatumia pesa za wiki nzima kununua viungo, nyama na mchele wa bei. Saa tatu usiku tulikuwa tunaangaliana juu ya sufuria ya kitu ambacho juu kilikuwa uji na chini kilikuwa makaa. Tulikula mandazi ya mama wa kibanda, na siku nne zilizofuata nikaishi kwa nudo.

Kosa langu halikuwa kukosa kipaji. Nilianzia mwisho. Biriani ni chakula cha wageni na harusi hata kwa wenyewe. Hakuna mama wa Mumbai anayeamka Jumanne akaipika kabla ya kwenda kazini. Hapikii kamera. Anachemsha dengu, anakaanga viungo kidogo, anamwagia juu, anapika wali au chapati, basi. Video hiyo haina watazamaji wengi kwa sababu haipendezi kutazama, lakini hiyo ndiyo inayoshibisha watu.

Nudo nazo zina hadithi yake. Zile za kupika haraka zilibuniwa na Momofuku Ando huko Japani mwaka 1958, nchi hiyo ikiwa bado inajijenga baada ya vita. Siwezi kumsuta mtu anayezila. Nimezila na nitazila tena. Lakini wapishi wengi wa nyumbani huko Japani na Korea huongeza yai, kitunguu cha majani, kabichi, chochote kilichopo. Sisi tunamwaga ule unga wa pakiti, tunakoroga, tunalala. Sukuma wiki iko hapo nje ya geti, na yai liko dukani, lakini hatujiulizi.

Sasa turudi shambani, kwa sababu hapa ndipo jambo hili linapogusa Kachibora moja kwa moja. Mahindi yetu ya nyanda za juu hupandwa Machi au Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba. Aina zinazopendwa huku huchukua miezi sita hadi minane. Lakini katikati ya mistari hiyo hiyo ya mahindi wazee wetu hupanda maharagwe, na maharagwe hukomaa kwa takriban miezi mitatu. Yaani yanaiva Julai, wakati ule ule tunaolia kwamba hakuna chakula. Na tunayafanyia nini? Dalali anakuja na lori, tunayauza yote kwa bei ya kutupa, kisha tunachukua pesa hizo kununua unga.

Maharagwe mekundu tunayoyadharau, kule Punjab yanaitwa rajma. Huchemshwa, yakaungwa kwa kitunguu, nyanya, tangawizi na viungo, yakaliwa na wali, na watu wa huko huyasubiri kwa hamu. Ni maharagwe yale yale. Hayo nayo asili yake ni Amerika, yalifika kwao kama yalivyofika kwetu. Tofauti ni kwamba wao waliyapa heshima ya kuwa chakula kamili, sisi tukayapa cheo cha kusindikiza ugali au adhabu ya shule ya bweni. Hata mahindi wenzetu wa Punjab wanayajua: wakati wa baridi husaga unga wa mahindi, wakaukanda kwa maji ya moto na kuoka chapati za kula na mboga za majani. Jaribu hiyo na saga au managu ya mama, halafu uniambie.

Kuna pingamizi na ni za haki. Kwanza, mtu ataniambia mchele ni ghali kuliko unga. Kweli, na tena mchele mwingi tunaokula unatoka nje, Pakistan ikiwa miongoni mwa wauzaji wakubwa. India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati, Julai 2023, tuliona jinsi uamuzi wa serikali ya mbali unavyoweza kufika hadi kwenye duka la mtaani. Ndiyo maana sisemi tuhame kutoka utumwa wa ugali tuingie utumwa wa wali. Nasema tuwe na vyakula kadhaa tunavyovihesabu kuwa chakula: maharagwe, ndengu, viazi, viazi vitamu, ndizi, wali siku ukipatikana, na ugali wetu ukiwepo. Viungo ndivyo vinavyoviwezesha visichoshe, na kikaratasi cha bizari hakishindi bei ya soda.

Pili, maharagwe yanakula makaa na gesi. Kweli pia. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha vizuri mara moja mengi ya siku tatu, gawanya. Siku ya kwanza yaunge na nyanya, siku ya pili yaponde na viungo ule na chapati, ya tatu yachanganye na wali. Wahindi wengi hutumia sufuria ya presha kwa sababu hiyo. Kama mko wanne kwenye ploti moja, changeni mnunue moja, mtumie kwa zamu.

Tatu, na hii ndiyo ngumu zaidi, kuna vijana wa kiume wanaosema jikoni si kwao. Nawaelewa, nimelelewa hivyo hivyo. Kwetu upande wa Wabukusu, ukishatoka jandoni unaonyeshwa simba yako, na jikoni kwa mama unaingia kwa kubisha. Mila ina sababu zake na siidharau. Lakini mila hiyo ilikuta kijana anaishi bomani, akipikiwa na mama, dada na baadaye mke. Leo kijana huyo huyo anatoka jandoni Agosti, Septemba anaingia chuo na kupanga chumba peke yake Kitale, Bungoma au Eldoret, hajui hata kuchemsha maharagwe. Pesa anazotumiwa na mzazi aliyeuza mahindi zinaishia kwenye chipsi na smokie, na ifikapo tarehe kumi na tano anapiga simu nyumbani. Huo si uanaume, ni utegemezi. Jikoni walimopikia Wahindi waliojenga reli hapakuwa na mama. Walijipikia dengu na chapati zao kambini, wakaamka kubeba vyuma.

Kwa hivyo wito wangu ni mdogo. Wiki hii, pika kitu kimoja cha Kiasia ambacho si cha sherehe. Maharagwe ya jira. Viazi vya bizari. Ndengu na chapati nyembamba za kijiko kimoja cha mafuta. Usipige picha mpaka umekipika mara tatu kikatoka vizuri. Kama una jirani mwenye asili ya Kihindi, mwulize kwao jana walikula nini; acha kumwuliza habari za biriani. Na wewe uliye nyumbani Kachibora, dalali akija Agosti, mwambie baba abakishe debe mbili za maharagwe. Muziweke ndani kama mnavyoweka mbegu.

Shangazi alishastaafu ile kazi ya Kitale. Mama bado yuko Kachibora na bado anapenda ugali, na mimi pia. Lakini Juni iliyopita nilimpigia simu jioni, nikamwuliza kama wamekula. Akaniambia unga uliisha Jumatatu. Nikaanza kutafuta namna ya kumtumia pesa.

“Ya nini?” akaniuliza. “Mimi nimekwambia unga umeisha. Nimekwambia hatujakula?”