Uchambuzi: Takwimu za Zanzibar na swali la mwenye nyumba ya wageni

ZANZIBAR: Kila mwezi Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hutangaza idadi ya wageni wa kimataifa walioingia nchini. Kwa miaka ya karibuni tangazo hilo limekuwa likisubiriwa kwa hamu. Wageni walikuwa 538,264 mwaka 2019, wakashuka hadi 260,644 mwaka 2020 baada ya maradhi ya UVIKO-19 kufunga anga za dunia, kisha wakapanda hadi 638,498 mwaka 2023 na 736,755 mwaka 2024. Ongezeko la mwaka huo mmoja wa mwisho ni zaidi ya asilimia 15.

Tangazo linamtosheleza msomaji wa habari. Kwa mfanyabiashara, ni mwanzo tu wa maswali. Chukuliwa mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinane katika mtaa wa Shangani, anayepanga bei za msimu wa masika, wakati Mji Mkongwe unapopoa na mvua kuzuia matembezi. Anachotaka kujua ni wageni wa taifa gani huendelea kuja mwezi wa Aprili, hukaa siku ngapi, na ni wangapi wanaoingia kwa boti kupitia Bandari ya Malindi kuliko kwa ndege. Majibu ya sehemu kubwa ya maswali hayo yanaanzia kwenye kumbukumbu za wanaoingia nchini, ambazo Serikali inazo. Hata hivyo, jedwali lililochapishwa hujibu maswali yale tu ambayo mtayarishaji wake aliyafikiria.

Hapo ndipo inapoingia teknolojia inayozungumzwa sana hivi sasa katika ofisi za umma na za binafsi: programu za takwimu za kujihudumia, zinazoendeshwa juu ya kompyuta za wingu. Kwa lugha nyepesi, taasisi huweka data zake katika ghala moja lililokodiwa mtandaoni badala ya seva iliyo chumba cha pili. Juu ya ghala hilo hujengwa ukurasa ambao mtumiaji asiye mtaalamu wa kompyuta huchagua mwezi, taifa au bandari, na jibu likatoka papo hapo kwa mchoro au kwa hesabu. Haandiki barua, wala hasubiri ofisa wa TEHAMA apate nafasi.

Zanzibar haianzi na kurasa tupu. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, kwa kushirikiana na Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ilianza mradi wa kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Vijana wa SUZA walikuwa miongoni mwa waliofunzwa kuzirusha. Picha hizo ziliwekwa wazi mtandaoni, na mwaka 2018 zikatumika katika shindano la kimataifa la kuifundisha kompyuta kuyatambua majengo. Mpangamiji, mhandisi wa mitaro na mwanafunzi waliweza kuifungua ramani ileile bila kuombeana ruhusa. Ushahidi huo ni mzuri kuliko mawasilisho mengi ya wauzaji wa programu.

Ugumu wenyewe haumo katika michoro. Umo katika maana ya maneno. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabu Wilaya ya Magharibi kuwa moja, yenye watu 370,645. Katika Sensa ya mwaka 2022 zilikuwapo wilaya mbili, Magharibi 'A' na Magharibi 'B'. Mtumiaji anayeiuliza programu ilinganishe wilaya kwa wilaya atapata aidha nafasi tupu au, vibaya zaidi, mchoro wa kuvutia unaoonesha watu wakipungua mahali walikoongezeka kwa kasi. Ukweli unaonekana katika ngazi ya mkoa: Mjini Magharibi ulitoka watu 593,678 hadi 893,169, ikiwa ni zaidi ya nusu ya ongezeko lote la Zanzibar katika miaka hiyo kumi. Mtakwimu mzoefu analijua hilo na angelieleza kabla ya kuulizwa. Programu haitalisema isipokuwa mtu ameliandika ndani yake mapema.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kujenga mfumo wa kujihudumia ni kazi ya kukaa mezani. "Mgeni" ni nani: je, Mtanzania anayevuka kutoka Dar es Salaam amo? "Hoteli" inaanzia vyumba vingapi? Mamlaka ya mapato, kamisheni ya utalii na ofisi ya takwimu kila moja inaweza kuwa na jibu lake lenye mantiki, na bado majibu hayo yasilingane. Fasili hizo zisipoafikiwa na kuandikwa, kila ofisi itaingia mkutanoni na dashibodi yake, na dakika 40 za mwanzo zitaishia katika kubishana namba ya nani ndiyo sahihi. Waliokaa katika mikutano ya namna hiyo wanaijua hali hiyo.

Lipo pia suala la siri. Kisiwa ni kidogo. Katika shehia yenye hoteli moja, "wastani wa mapato ya hoteli katika shehia" ni mapato ya mtu anayejulikana kwa jina na majirani zake wote. Jedwali lililotayarishwa na mtakwimu huficha visanduku vya namna hiyo kwa makusudi. Katika programu ya kujihudumia, mtumiaji anaweza kuyakata makundi madogo na madogo zaidi mpaka abaki na mtu mmoja, bila hata kukusudia. Kinga yake inafahamika: mfumo ukatae kutoa jibu pale idadi inapokuwa chini ya kiwango kilichowekwa. Kinga hiyo inapaswa kuwekwa kabla ya siku ya uzinduzi, kwa sababu namba iliyokwisha kutoka hairudi.

Kuhusu wingu lenyewe, Unguja ina kumbukumbu yake ya kutegemea waya mmoja. Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa takriban mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kwa takriban miezi mitatu, baada ya hitilafu katika njia ya umeme kutoka Tanzania Bara. Njia ya pili ya chini ya bahari ilikuja baadaye. Data nazo zina nyaya zake. Vituo vya karibu vya kampuni kubwa tatu za kompyuta za wingu, Amazon, Microsoft na Google, vipo Afrika Kusini, na tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na Seacom ilikatika kwa pamoja katika mwambao wa kusini mwa Afrika. Intaneti ilidorora Tanzania na katika nchi jirani. Mfumo unaotumiwa kupanga bei unaweza kuvumilia siku mbili za kukosekana. Ule wa kupokea malipo au kuruhusu mizigo bandarini hauwezi, na haifai mifumo hiyo miwili kupimwa kwa mizani moja.

Gharama nayo ina sura yake. Seva hununuliwa mara moja, lakini wingu hulipiwa kadiri linavyotumika, aghalabu kwa dola. Ukurasa uliojengwa ovyo, unaosoma kumbukumbu zote za miaka kumi kila unapofunguliwa, hupandisha ankara hata kama aliyeufungua alitaka namba ya jana tu.

Kenya ilitangulia katika njia hii. Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya data huria ya taifa hilo, iliyojengwa juu ya jukwaa la wingu la kampuni ya Socrata ya Marekani, na nchi hiyo ikasifiwa duniani kote. Miaka iliyofuata majedwali mengi yalibaki bila kuhuishwa. Jukwaa lilikuwa likifanya kazi, ila wizara zilizokuwa na data hazikuwa na ofisa ambaye kazi yake ya kila wiki ni kuipeleka. Kwa mwenye nyumba ya wageni wa Shangani, anayeendelea kuwahesabu wageni wake kwa daftari, ofisa huyo ndiye wa kuulizwa kwanza: yuko idara gani, na siku asipokuwepo nani anashika nafasi yake.