Ubishi Unapoingia Nyumbani kwa Njia ya Simu

Wahenga walituusia kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakujua kuwa zingefika zama ambapo kidole na ulimi vitakuwa kitu kimoja. Siku hizi mtu akijikwaa kidole juu ya kioo cha simu amekwisha kujikwaa ulimi, na aliyemkwaza huenda yuko umbali wa mwendo wa siku nzima, asiweze kumwona uso wala kumshika mkono.

Ndugu msomaji, Jumapili ya leo sitazungumzia mapishi wala malezi ya watoto wachanga. Nataka tuzungumze juu ya ubishi, hasa ubishi wa siasa na wa wanamuziki, ambao umeingia katika nyumba zetu bila kupiga hodi. Nitakayoyasimulia yalitokea katika ukoo wangu mwenyewe, huko Songea, na mimi ni mmoja wa waliokosa.

JINSI MOTO ULIVYOWAKA

Ukoo wetu una kundi la WhatsApp lenye watu 43. Lilianzishwa kwa ajili ya kuchangisha fedha za harusi, na harusi ilipokwisha likabaki kuwa baraza letu. Humo tulipeana habari za wagonjwa, za mahindi kukubali au kukataa, na za watoto waliofaulu mitihani. Mkubwa wetu humo alikuwa baba mkubwa, mtumishi mstaafu wa chama cha ushirika, anayeishi Bombambili. Yeye na mama mkubwa ndio waliomlea mtoto wa marehemu baba mdogo tangu akiwa na umri wa miaka minne. Kijana huyo sasa anafanya kazi Dar es Salaam, na siku zote alimwita baba mkubwa kwa jina moja tu: baba.

Mwezi Mei 2021 mwanamuziki Diamond Platnumz aliteuliwa kuwania tuzo ya BET ya Marekani, katika kundi la wasanii bora wa kimataifa. Mara Watanzania wakagawanyika mtandaoni. Baadhi yao walianzisha waraka wa kukusanya saini, wakiwaomba wenye tuzo wamwondoe, kwa hoja kwamba alikuwa ameimba katika kampeni za uchaguzi wa 2020 akimpigia debe Rais John Magufuli. Wengine wakajibu kwamba huo ulikuwa usaliti, kwani bendera ni moja na mshindi angekuwa wa nchi nzima.

Kijana wetu aliuleta waraka ule katika kundi la ukoo, akatuomba sote tuweke saini. Hoja yake ilikuwa kwamba msanii aliyepanda jukwaa la siasa kwa hiari yake asikatae kuulizwa maswali ya siasa. Baba mkubwa akajibu kwamba ndugu akikosea hurudiwa ndani ya nyumba, hashitakiwi kwa jirani. Naam, zote mbili ni hoja. Wangekuwa wamekaa chini ya mwembe pale Bombambili wangeweza kuzigeuzageuza mpaka jua likachwa, wakaondoka wakicheka.

Lakini hawakuwa chini ya mwembe. Walibishana saa mbili nzima mbele ya watu 41, wakiwamo wakwe na wajukuu. Mwishowe kijana, aliyekuwa kazini na akitaka kuyamaliza, akaandika maneno mawili: "Sawa mzee." Nami, kwa kudhani nachangamsha baraza, nikatuma picha ya mzee aliyesinzia huku miwani ikimwanguka. Watu kumi na wanne wakaicheka. Dakika chache baadaye simu zetu zikatuonyesha kwamba baba mkubwa ameondoka katika kundi. Kesho yake kijana naye, baada ya kulaumiwa na shangazi wawili, akaondoka.

Tuzo yenyewe ilitolewa tarehe 27 Juni, ikachukuliwa na Burna Boy wa Nijeria. Jambo lililobishaniwa likawa limekwisha. Ugomvi wetu ndio kwanza ulikuwa umeanza.

SI JAMBO GENI

Wako watakaosema kwamba haya yote yameletwa na mtandao, na kwamba zamani watu waliishi kwa heshima. Hapana budi tuwe wakweli. Siasa na muziki, siasa na mavazi, havikuanza kugombanisha watu jana.

Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Mjini Dar es Salaam wako wanawake walioshambuliwa na vijana barabarani kwa sababu ya nguo zao, hata polisi wakalazimika kuingilia kati. Magazeti ya wakati huo yakajaa barua za wasomaji. Wengine waliuliza kama kweli utamaduni wa taifa hupimwa kwa urefu wa sketi, na wengine wakajibu kwamba taifa lisilojiheshimu mavazi halijiheshimu lolote. Mwaka huohuo wa 1969, mwezi Novemba, muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam, na barua zikaanza upya.

Wala si sisi peke yetu. Huko Lamu, Kenya, wakati wa uchaguzi wa ubunge wa 1974 na ule wa marudio uliofuata 1975, washairi wa pande mbili waliumbuana kwa tungo, ambazo zilisambazwa kwa kanda za kaseti na kusikilizwa nyumba kwa nyumba. Na kwa hapa kwetu, Machi 2017 mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Wapo". Siku iliyofuata aliachiwa, baada ya Rais mwenyewe kuagiza aachiwe na wimbo upigwe redioni. Nchi nzima ilibishana juu ya wimbo ule, na ilikuwa haki yake, kwa maana wananchi wasiobishana juu ya mambo yao ni wananchi waliokata tamaa nayo.

TOFAUTI IKO WAPI?

Ikiwa ubishi ni wa zamani, basi mbona huu wa leo unavunja nyumba? Nimelifikiri swali hili kwa muda mrefu, na naona tofauti ni tatu.

Ya kwanza ni muda. Aliyeandika barua kwa mhariri mwaka 1968 alihitaji karatasi, bahasha na stempu. Barua ilikaa posta, ikakaa mezani kwa mhariri, na pengine ikapunguzwa ukali. Mshairi naye alilazimika kuhesabu mizani na kutafuta vina kabla ya kumtukana mwenzake, na katika kutafuta vina hasira ilipata nafasi ya kupoa. Simu haitoi nafasi hiyo. Hasira inaandikwa ikiwa bado inachemka.

Ya pili ni sauti. Maneno "Sawa mzee" yakisemwa kwa tabasamu, mkono ukiwa begani, ni maneno ya upendo. Yakiandikwa matupu, msomaji ndiye anayeyatilia sauti, na mwenye kinyongo huyatilia sauti ya kinyongo.

Ya tatu, ambayo naiona kubwa kuliko zote, ni hadhara. Mila zetu hazikumkataza kijana kumpinga mkubwa wake. Zilimwonyesha njia. Alimtuma shangazi, au alingoja mtani aliseme kwa mzaha lile ambalo yeye hakuweza kulisema, au mjukuu alimchokoza babu na wote wakacheka. Katika kundi la simu njia hizo zote zimefungwa. Mkubwa anapingwa mbele ya wakwe zake, na kijana anakaripiwa mbele ya wadogo zake. Kila mmoja haandiki tena kwa ajili ya mwenziwe. Anaandika kwa ajili ya watazamaji, na mbele ya watazamaji hakuna anayetaka kushindwa.

Hata hivyo tusiulaumu mtandao kuliko unavyostahili. Zamani barua iliyochapishwa ilikuwa moja kati ya nyingi zilizotupwa. JamiiForums ilipoanza mwaka 2006, na simu za mtandao zilipoenea baadaye, mkulima wa Namtumbo aliweza kuuliza swali lake hadharani bila kungoja ruhusa ya mhariri, na mimi niliye mtumishi wa gazeti nakiri kwamba hilo ni jambo jema. Serikali ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na wenye WhatsApp wenyewe mwaka 2019 walipunguza idadi ya watu wa kusambaziwa ujumbe mmoja kwa mara moja hadi watano. Lakini hakuna sheria wala kampuni inayoweza kuamua namna mtoto atakavyomwandikia baba yake.

SAFARI YA SONGEA

Mwezi Septemba mwaka uleule mama mkubwa aliugua. Alilazwa siku kumi na moja. Baba mkubwa hakuwa tena katika kundi, kwa hiyo habari zilipita kwa kupigiana simu, huyu kwa huyu. Mchana mmoja mama alinipigia, akaniambia hali si nzuri, nami alfajiri nikapanda basi pale Mbezi. Kijana wetu alikuwa akiishi mji uleule niliotoka. Tulipofika Makambako nilimkumbuka, nikaishika simu, kisha nikajiambia kwamba bila shaka ameshaambiwa, na pengine yuko katika basi la mbele. Kumbe kila mmoja katika ukoo alijiambia vivyo hivyo.

Mama mkubwa alifariki usiku ule, nikiwa bado njiani baada ya Njombe. Alizikwa kesho yake alasiri. Kijana aliyelelewa na mikono yake aliijua habari hiyo kwa kuiona picha ya marehemu katika simu ya rafiki. Aliwasili siku ya pili, kaburi likiwa limekwisha kupandwa msalaba na mashada yameanza kunyauka.

Asubuhi iliyofuata nilipeleka chai kwa wanaume waliokuwa wameota moto nje. Baba mkubwa na kijana walikuwa wameketi kwenye benchi moja, hawajaangaliana. Mtani mmoja wa ukoo akasema kwa sauti kubwa kwamba msiba huu una hasara, maana wafiwa wawili wamekuja na vinywa vilivyofungwa kufuli, na funguo ziko Marekani kwenye tuzo. Watu wakaangua kicheko katikati ya matanga. Baba mkubwa naye akacheka, kisha akalia.

Alisema: "Yule mwimbaji hajui kama mimi nipo, wala hajui kama wewe upo. Mama yako alikuwa akijua, na alikuuliza kila siku."

Kijana hakujibu. Baada ya kitambo baba mkubwa akasema tena kwamba kilichomuuma haikuwa hoja. Aliogopa tu mwanawe asije akapata matatizo kwa mambo anayoyaandika. Kilichomuuma ni kuitwa mzee. "Miaka ishirini na mbili ulikuwa ukiniita baba. Siku ile nikaona mbele ya watu wote kwamba leo mimi ni mzee tu, kama wazee wa njiani."

Kijana akaapa kwamba hakukusudia. Huko mjini kila mtu ni mzee. Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai, nikiikumbuka ile picha ya mzee aliyesinzia. Niliomba radhi palepale, mbele ya wanaume wote. Baba mkubwa aliniambia, "Mimina chai, mwanangu." Nikamimina.

TUFANYE NINI?

Sitaki kuwaambia wasomaji kwamba familia ziache kuzungumza siasa. Nyumba ambayo watoto hawaruhusiwi kuuliza mambo ya nchi yao inalea waoga au wanafiki. Wala sitaki vijana waache kubishana juu ya wasanii wao. Ninachosihi ni mambo machache ambayo ukoo wetu tumekubaliana baada ya matanga, nayo yametufaa.

Kwanza, tumetenganisha mambo. Kundi la ukoo limebaki kuwa la wagonjwa, misiba, harusi na shule. Wapendao ubishi wana kundi lao lingine, na baba mkubwa, msomaji usishangae, ndiye mchochezi wake mkubwa. Pili, ujumbe ukikuudhi usiujibu kwa maandishi. Piga simu, usikie sauti ya aliyeuandika. Tatu, kijana akimpinga mkubwa juu ya jambo zito, humfuata faraghani. Na mkubwa akimkosoa kijana hufanya vivyo hivyo, maana heshima ni ya pande zote mbili. Nne, habari ya ugonjwa au msiba haikabidhiwi kundi. Kila mtu ametajiwa watu watatu ambao ni lazima awapigie yeye mwenyewe, hata kama ana hakika kwamba wamekwisha kujua.

Katika orodha yangu jina la kwanza ni la kijana yule. Huwa ananidhihaki kwamba nampigia hata kwa mafua ya kuku. Nami humwambia kwamba ni afadhali anicheke kwa kumpigia mara mia bure, kuliko nikae tena ndani ya basi, simu ikiwa mkononi, nikijiambia kwamba bila shaka ameshaambiwa.

Msomaji mpenzi, kama katika ukoo wako yuko aliyeondoka katika kundi na hakuna aliyemfuata, usingoje msiba. Mpigie leo.