Kafa Lola, msiba kwa Porsche

Juzi nilikuwa na washkaji tunaangalia ile sinema ya Le Mans ya mwaka 1971, stelingi Steve McQueen. Kufika pale Porsche 917 ya bluu inapojibamiza pembeni mwa barabara, jamaa yangu mmoja kashika kichwa: "Masikini Porsche!"

Nikamwambia, mzee tulia, hiyo si Porsche. Porsche na Ferrari za kweli zilikuwa ghali mno kuzivunja kwa ajili ya kuuza sura. Wakachukua Lola T70, magari ya Kiingereza. Moja likavishwa bodi ya Porsche, jingine ya Ferrari, yakaendeshwa kwa rimoti. Puu!

Msidhani Lola lilikuwa mkweche. Eric Broadley alilitoa mwaka 1965, na mengi yalifungwa injini ya Chevrolet ya Marekani, V8, lita 5 hadi karibu 6. Mwaka huohuo John Surtees alipata nalo ajali Kanada, nusura afe. Alipopona, akarudi kwenye Lola T70, na mwaka 1966 akabeba ubingwa wa kwanza wa Can-Am.

Halafu ikaja Daytona, saa 24, Februari 1969. Porsche za kiwanda zikaharibika moja baada ya nyingine, hakuna iliyomaliza. Lola la Mark Donohue na Chuck Parsons lilipoteza zaidi ya saa nzima likitengenezwa ekzosi, na bado likashinda. La pili nani? Lola jingine!

Sasa sinema inapigwa mwaka 1970. Bingwa wa juzi tu anavishwa sura ya Porsche aliyoigaragaza, akafe kwa jina lake!

Roho iliniuma kwa sababu na mimi yamenikuta. Niliwahi kuandika risala ya harusi usiku kucha. Akaisoma mwingine aliyevaa suti, akatunzwa yeye. Mimi nikaambulia pilau ya mwishomwisho. Punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Ila punda huyu ana bahati. Leo matajiri wanayasaka Lola T70, na kwenye mbio za magari ya zamani Ulaya bado yananguruma kwa jina lake mwenyewe. Nami nasubiri zamu yangu. Risala nyingine naisoma mwenyewe, hata kwa suti ya kuazima!