KAOKOKA, NYIE MNAULIZIA KUCHA?

Msanii mmoja wa kike wa Bongo Fleva kaposti picha akitoka kanisani, kasema ameokoka. Badala ya "Amina", komenti zikamiminika: kucha za bandia za nini? Na tatuu je? Suruali kanisani?

Jamani, huu mjadala kanisa lilishaumaliza zamani. Soma Matendo 15. Kuna waliotaka watu wa mataifa watahiriwe kwanza ndo waokoke. Petro akawauliza kwa nini wanawatwisha wenzao nira iliyowashinda hata wao na baba zao. Na yule mhalifu pale msalabani? Hakuwa na muda wa kubatizwa, kutoa zaka wala kubadili nguo. Aliomba tu akumbukwe, akaahidiwa Peponi siku ileile.

Siyo kwamba neema ni ruhusa ya kutenda dhambi, Paulo alishalikataa hilo kwenye Warumi 6. Ila mtu anabadilika kwa sababu amependwa, siyo ili apendwe.

Mkimfukuza leo kisa kucha, kesho akirudi klabu msiseme "tulijua tu". Nyie ndo mtakuwa mmemsindikiza.

Wadau, mnasemaje?