Hesi Iliyokatwa na Hesi Iliyofinywa

Katika nyumba nyingi injini ndogo imekuwa tegemeo la riziki: jenereta ya mama mshonaji, au mashine inayovuta maji ya kisima. Injini hiyo ikirudi kwa fundi, kisha baada ya siku chache ikaanza kutikisika na kuvuja, sisi huilaumu injini. Huenda kosa ni la skrubu moja iliyorudishwa kwa pupa.

Hesi, yaani ile mikunjo ya skrubu inayoshikana na tundu lake, hufanywa tunduni kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuikata: tundu hutobolewa kwa keekee, kisha chombo kigumu huchonga njia na kutoa chembe za madini. Ya pili ni kuifinya: skrubu ngumu husukumwa katika tundu tupu la alumini, nayo madini yakainuka na kuwa hesi pasipo kutolewa chochote. Ndiyo maana tundu la skrubu ya milimita 6 hutobolewa kwa milimita 5 likikusudiwa kukatwa, bali kwa karibu milimita 5.5 likikusudiwa kufinywa.

Baadhi ya viwanda hupendelea njia ya pili kwa vifuniko vya alumini. Haiachi chembe ndani ya injini, na skrubu hubanwa sawasawa hata ikastahimili mtikisiko. Nyingi za skrubu hizo hutambulikana kwa ncha iliyopungua na mwili usio mviringo kamili, wenye pande tatu zilizoviringwa.

Balaa huja siku ya kufungua. Skrubu hii haisahau kazi yake: isiporudishwa katika njia yake ya zamani, hufinya njia mpya juu ya ile ya kwanza. Alumini ni laini; ikifanyiwa hivyo mara mbili tatu, tundu hukosa cha kushika.

Kinga yake ni nyepesi. Skrubu iwekwe juu ya tundu, izungushwe kinyumenyume taratibu mpaka ihisiwe imetumbukia, ndipo izungushwe mbele kwa vidole, kisha kwa bisibisi ya mkono. Ikiwa nzito tangu mzunguko wa kwanza, itolewe na kuanzwa upya. Wala fundi asipitishe chombo cha kukata kwa nia ya kulisafisha tundu lililofinywa, kwani aweza kuinyoa hesi yenyewe.

Ikiwa tundu limekwisha kuliwa, gundi si tiba. Kabureta iliyolegea huvuta hewa isiyotakiwa, na petroli ikivuja karibu na injini yenye moto ni hatari kwa watoto na nyumba nzima. Tiba ya kweli ni kulipanua tundu, kulikata hesi mpya, na kutia ndani yake koili ya chuma kisichoshika kutu. Tundu hilo mara nyingi huwa imara kuliko la awali.

Basi tunapokabidhi injini, tumuulize fundi maswali mawili: skrubu hizi ni za kukatiwa au za kufinya, na je, atazirudisha kwa mkono? Fundi mwema hatachukia. Chombo kilicho mikononi mwake ni amana, na nyuma yake kuna watoto wanaosubiri chakula cha jioni.