Chai, Wino na Wasia

Jamaa zetu walioko Kericho na Bomet wameyazoea mashamba ya chai, lakini ni wachache wanaojua kwamba chai ina udugu na wino. Ukali wa chai ya rangi watokana na tanini, nayo tanini ikikutana na chumvi ya chuma hugeuka nyeusi. Hivyo ndivyo ulivyotengenezwa wino wa hati kwa karne nyingi, katika nchi za Kiislamu na Ulaya, kwa tanini ya vinundu vya mwaloni. Wino huo huanza hafifu, kisha hukolea kwa hewa na kushika karatasi hata maji yasiuondoe.

Mwaka 1884 Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya kalamu iliyoupeleka wino kwenye nibu kwa utaratibu. Ila wino wa chuma una asidi, nayo hula nibu za chuma, dhahabu huistahimili. Wengi wakachagua wino wa rangi tupu, ambao aghalabu huondoka kwa maji.

Dini yetu imetuamuru tuandike madeni. Basi kabla ya kuandika deni au wasia, hasa katika nchi ya mvua kama Kericho, tuujaribu wino: tuandike neno, tuliache siku nzima likauke, kisha tulidondoshee maji. Wasia uliofutika huacha ugomvi, na mwenye kuuamua ameshazikwa.